Nimepewa masaa 24 nitoe picha za shoo kwenye potifolio yangu, wakati kamera yangu lenzi yangu jasho langu. Hii imekaaje kisheria?

ChaliiWaLenzi (mwenye uzi)
Wakuu habarini. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite tu hatutamaindi. Mimi ni mpiga picha, niko Chuga (Arusha) hapa pande za Sakina, ugali wangu unatoka kwenye harusi, send-off na kipaimara, zile shughuli za kurudi nyumbani saa nane usiku shati limelowa mchuzi. Ila kitu roho inapenda ni shoo za muziki, taa zile, moshi ule, msanii anaruka na wewe una nusu sekunde tu ya kumdaka hewani.

Sasa mwezi uliopita kuna shoo ilipigwa uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Promota simtaji, msanii simtaji, sitaki kesi mbili. Promota kanipigia siku mbili kabla, njoo upige picha, laki tatu, nikasema poa. Hakuna karatasi wala nini, ni simu na meseji za WhatsApp basi. Nikapewa pasi ya shingoni imeandikwa MEDIA, nikaingia hadi mbele kwenye vyuma pale chini ya steji, na baridi yetu ya mwezi wa saba mnaijua, vidole havisikii kitu, nikapiga mpaka msanii wa mwisho saa tisa usiku. Asubuhi nikatumiwa laki na nusu, nyingine tutaongea, na mpaka leo bado tunaongea.

Nikachagua picha 14 nikaziweka kwenye potifolio, yani mkusanyo wa kazi zangu kwenye websaiti yangu na Instagram. Jana meneja wa msanii kanifuata inboksi, anasema nitoe zote ndani ya masaa 24 la sivyo nilipe milioni 5 maana "natumia sura ya msanii kibiashara bila idhini". Masaa yenyewe yamebaki kama tisa. Swali langu, picha nilizopiga mimi nazuiwaje kuonyesha kazi yangu? Au niliuza bila kujua?

KitiChaMbele
Nimevuta stuli nasubiri wataalamu. Ila mkuu uzi wa picha bila picha kweli?

MangiWaSoweto
Usitoe hata moja. Kidole kilichobonyeza ni cha nani? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 imetaja picha kabisa kama kazi inayolindwa, na mwenye kazi ni aliyeitengeneza, na haikwambii ukasajili kwanza ndo uwe na haki, haki inaanza pale pale ukishapiga. Kusajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, kunakusaidia ushahidi tu siku ya ugomvi. Huyo meneja anakutisha kwa sababu ameona we dogo wa mkoani. Mwambie akutane na wewe mahakamani, nauli ya kuja Arusha ajilipie. Mi niko Moshi hapa nakuja kukushangilia bure.

wakili_wa_mtaani
Mangi umesema kweli nusu, na hiyo nusu ndo huwa inapoteza watu.

Mdogo wangu ChaliiWaLenzi, hapa kuna vitu viwili vimefungwa kwenye mfuko mmoja na watu wanavichanganya kila siku. Cha kwanza, picha ni ya nani. Cha pili, unaruhusiwa kuifanyia nini. Nyie watu wa huku Kilimanjaro na Meru niwape mfano wa shambani. Baba mkwe kakuruhusu upande migomba kwenye kihamba chake, shamba la ukoo. Ndizi ni zako hakuna ubishi, umepanda umepalilia. Lakini njia ya kuingilia ni ya kwake, na kama siku anakuruhusu alisema "panda za kula, usifanye za kuuza", basi ukiweka gari la kupeleka sokoni Kiboriloni mtagombana, na ugomvi hautakuwa juu ya ndizi ni za nani.

Kwa hiyo hakimiliki ya hizo picha kwa maelezo yako iko kwako. Hukuajiriwa, kamera yako, hukusaini kuhamisha haki. Ungekuwa mwajiriwa wa gazeti au wa studio ya mtu ningekwambia tofauti, maana kazi ya ajira haki zake za kiuchumi zinakwenda kwa mwajiri kama mkataba hausemi vingine, unabaki na ile haki ya kutajwa jina. Wengi wanaopiga chini ya studio hawalijui hili, anaacha kazi anaondoka na hadi hadidiski ya bosi anasema potifolio yangu.

Sasa nijibu vitatu. Nyuma ya ile pasi kulikuwa na masharti yoyote? Kwenye WhatsApp promota aliandika nini, neno kwa neno? Na hizo picha 14 zimekaa kama maonyesho ya kazi tu, au kuna mahali zimetumika kama tangazo?

ChaliiWaLenzi
Asante sana wakili. Nyuma ya pasi kuna namba ya simu ya mdhamini na picha ya chupa basi.

WhatsApp nimeenda kuitafuta, promota kaandika hivi naikopi: "Njoo na kamera yako kaka, picha zote utanitumia kwenye flashi, na we utajitangaza pia hapo hapo." Nikamjibu "Sawa boss".

La tatu ni potifolio tu.

wakili_wa_mtaani
Hapo "na we utajitangaza pia" umeokota lulu, piga skrinishoti itunze pamoja na tarehe. Makubaliano ya mdomo yanakubalika kwa sheria ya mikataba, shida yake siku zote ni kuyathibitisha, na meseji inakuthibitishia. Na mtu asikudanganye WhatsApp sio ushahidi, tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 meseji inapokelewa mahakamani, cha msingi uweze kuonyesha imetoka wapi na haijachezewa, kwa hiyo usifute hiyo chati wala usibadilishe simu kizembe.

Ila angalia hapo pia. Aliyekuruhusu ni promota. Promota na msanii wana mkataba wao, wewe haumo, na kama mule wameandikiana picha zote zipite kwa menejimenti kwanza basi ni wao wakamatane. Wewe hukumuahidi msanii kitu chochote.

dada_wa_Kijenge
Samahani jamani mi sio mwanasheria ila nakufollow kule Instagram kaka. Ile picha ya msanii kanyanyua maiki juu na mataa ya blu nyuma, si ndo umeiandikia kwa maandishi ya njano "BOOK SASA, OFA YA KIPAIMARA, LAKI NNE NA NUSU NA ALBAMU YAKE"? Au hiyo ni potifolio nyingine?

KitiChaMbele
🤣🤣🤣 nimeanguka na stuli

MangiWaSoweto
Dogo. Dogo dogo dogo.

ChaliiWaLenzi
Daah. Sawa, ni kweli, ipo. Ila ni moja tu wakuu, nilifanya wakati wa msimu watu wanatafuta wapiga picha, nikaona ndo picha yangu kali kuliko zote. Sikujua kama inahesabika tofauti, si picha ile ile?

wakili_wa_mtaani
Wateja wangu wote ni hivi, kitu chenyewe kinakuja mwisho baada ya chai ya pili.

Ni picha ile ile ila imebadilika kazi. Ukiiweka kwenye potifolio unasema "nilikuwepo, nilipiga hii, hivi ndo mkono wangu ulivyo". Hiyo ni habari ya kweli kuhusu kazi yako. Ukiiandikia bei na ofa juu ya sura ya mtu, mwenye kupita anasoma kwamba huyu msanii anahusika na biashara yako, labda kakupa baraka, labda umemlipa. Hiyo sura inafanya kazi ya kuuza. Msanii anaishi kwa sura yake, kuna makampuni yanamlipa asimame tu karibu na bidhaa, na mengine yanamwandikia asionekane kwenye matangazo ya mtu mwingine. Wewe umemuweka kwenye ofa ya kipaimara.

Kwenye sheria yetu ya hakimiliki hutakuta kifungu kinachosema "haki ya sura ya mtu" kama nchi zingine walivyoandika, lakini usishangilie. Katiba ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu, kuna madai ya kawaida ya kudhuriwa na kutumiwa jina, na sasa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake inapokea malalamiko. Picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake. Kwa hiyo meneja kwenye zile 13 naona anapiga mkwara, kwenye ile ya ofa ana hoja. Ile itoe leo kabla hujala.

ChaliiWaLenzi
Nimetoa. Nimeifuta sasa hivi hata sijamaliza kusoma.

fundi_steji_Arusha
Mi nafunga mataa na spika kwenye hizi shoo, niwape ya upande wa pili wa vyuma. Mameneja wengi hawana shida na wapiga picha kuonyesha kazi, wanachochukia ni vitu viwili. Kwanza picha mbaya, msanii mdomo umeachama jasho limetiririka na tumbo nje, ukiweka hiyo kwenye potifolio utapigiwa simu hata kama una haki zote za dunia. Pili ni hizo flaya, maana kesho yake mdhamini anapiga simu kwa meneja anauliza huyu naye katoka wapi. Kwa hiyo chalii sio kwamba walikuonea wivu.

mzee_wa_filamu36
Vijana shikamooni mnipe kwanza 😄. Mimi nimeanza kupiga picha wakati ukimaliza rolu ya filamu ya picha 36 umemaliza, unapeleka kuosha unasubiri siku tatu kujua kama umepata kitu au umepata giza. Wakati huo hakuna mtu alikuwa anauliza potifolio, potifolio ilikuwa ukuta wa studio.

Ninachotaka kuwaambia, haya mambo wakubwa huko nje walishapigana sana na ni vizuri mkayajua kabla hayajafika kwenu vizuri. Huko mpiga picha wa shoo anapewa nyimbo tatu za mwanzo tu, bila flashi, alafu anatolewa nje. Na kabla ya kuingia anapewa karatasi asaini mlangoni, gizani, foleni iko nyuma yake, nani atasoma? Mwaka 2015 Taylor Swift aliandika barua kuilalamikia Apple kwamba wanataka kutumia muziki wa watu bila kulipa, basi mpiga picha mmoja wa Uingereza, Jason Sheldon, akamjibu hadharani, dada mbona karatasi yako ya shoo inatufanyia sisi hivyo hivyo, picha zetu mnazitumia bure na sisi mnatubana. Kelele zikawa kubwa na baada ya wiki chache ile karatasi ikarekebishwa. Mwaka huo huo bendi ya Foo Fighters nao walikuwa na karatasi yao kali, gazeti moja la Washington likagoma kusaini, likasema litanunua picha kwa mashabiki waliokata tiketi.

Zile karatasi mbaya zina maneno kama "picha itatumika mara moja tu" na "haki zote ni za msanii". Ukisaini hiyo, potifolio yako umeizika mwenyewe kwa kalamu yako na hakuna wakili atakayekufukulia. Huyu kijana bahati yake hakusaini kitu. Bahati mbaya yake ni hiyo hiyo.

MangiWaSoweto
Mzee shikamoo. Lakini kwenye hilo la nje na mimi nina langu, Mahakama ya Juu ya Marekani Mei 2023 ilimpa ushindi mpiga picha Lynn Goldsmith, alimpiga picha mwanamuziki Prince mwaka 1981, mchoraji Andy Warhol akaitumia kutengenezea mapicha yake ya rangi, watu wa Warhol wakalikodisha moja kwa jarida Prince alipofariki 2016, mama akasema ile ni picha yangu, majaji saba kwa wawili wakamkubalia. Sasa mnasemaje? Picha ni ya mpiga picha hata kama aliyepigwa ni Prince.

wakili_wa_mtaani
Mangi umeisoma vizuri ila umeipeleka kwenye shamba lisilo lake. Pale aliyekuwa anabishana na mpiga picha sio Prince wala familia yake, ni taasisi ya msanii mwingine aliyeichukua ile picha akatengenezea kazi, tena hoja ilikuwa kule kuikodisha kwa jarida. Inakusaidia siku mtu akichukua picha yako bila kukuuliza. Haikusaidii kwenye swali kama msanii anaweza kulalamika sura yake ikiuza kipaimara. Hukumu ya Marekani isitoshe haimfungi hakimu wa hapa Arusha, atakusikiliza kwa heshima alafu atakuuliza sheria yetu inasemaje.

MangiWaSoweto
Sawa nimekaa.

mpenda_kona
Mi swali langu la pembeni, tunaongelea msanii tu, je wale watu wa chini? Nauliza kwa sababu yamenikuta. Nilipiga shoo moja Moshi mjini, picha kali mno, dada kabebwa mabegani mikono hewani anaimba machozi yanamtoka, nikaiweka mbele kabisa ya potifolio, ndo ilikuwa inanipa kazi. Baada ya wiki mbili kanipigia analia kweli kweli, siku ile kazini alikuwa kaaga anaenda msibani Marangu 😭

KitiChaMbele
Msiba wa nani? 🤣🤣 Mungu nisamehe

dada_wa_Kijenge
Ukaitoa lakini?

mpenda_kona
Niliitoa siku hiyo hiyo. Roho iliniuma lakini kazi yake ingeondoka kwa ajili ya picha yangu.

NamangaBoy
Ulifanya vizuri. Mi niko hapa mpakani, upande wa pili haya mambo yalishaanza kuuma mfukoni. Septemba 2023 ofisi ya ulinzi wa data ya Kenya ilipiga faini klabu moja ya starehe ya Nairobi shilingi milioni 1 laki 8 na elfu 50 za Kenya, kosa ni kuposti picha ya mteja aliyekuja kula raha bila idhini yake. Na siku hizo hizo shule moja ikapigwa zaidi ya milioni 4 na nusu, za Kenya pia, kwa kuweka picha za wanafunzi bila ruhusa ya wazazi. Zidisha kwa rate ya kwetu muone. Na watu wa Arusha mnaopiga shoo za Nairobi mnaposti hovyo, ile sheria ya kwao ni ya 2019 na haina mchezo.

wakili_wa_mtaani
Mfano mzuri, japo na wenyewe ni wa jirani. Kwa watu wa kwenye umati mi nashauri hivi. Umati mpana, mikono elfu hewani, hakuna anayesimama peke yake kwenye picha, hiyo sina wasiwasi nayo sana. Ukisogeza lenzi ndefu ukamtoa mtu mmoja kwenye umati akawa yeye ndo picha, sura yote inasomeka, hapo mfuate muulize, muonyeshe nyuma ya kamera, watu wengi wanakubali na wanataka utume kabisa. Yule dada wa Marangu angekwambia pale pale.

Na tahadhari zaidi kwa watoto. Chini ya miaka 18 ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, na hii sheria ya taarifa binafsi imeweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Wale watoto wanaocheza nyuma ya msanii wanapakwa unga usoni, wazuri sana kwa picha, lakini ruhusa ni ya mzazi au mlezi, na "mwalimu wao wa dansi alisema poa" haitoshi.

MamaWawili
Wakili Mungu akubariki kwa hilo. Mwanangu wa kwanza alipata kipaimara, tulipiga picha kwa studio moja hapa Moshi, siitaji. Miezi mitatu baadae niko kwenye daladala naenda KCMC namuona mwanangu kwenye bango, mkubwa kuliko mlango, ameshika mshumaa, chini namba ya simu ya studio. Hakuna aliyeniuliza. Nilivyoenda kulalamika kijana kaniambia "mama si umependeza kuwa na mtoto staa". Nilimwangalia tu. Nyie mnaongelea wasanii, mimi mtoto wangu si msanii na alikuwa na miaka 13.

ChaliiWaLenzi
Mama pole sana. Na nimeona aibu kidogo maana na mimi ofa yangu ilikuwa ya kipaimara. Kwenye zile 14 kuna moja ya watoto wawili wa dansi bekisteji, naitoa na hiyo mpaka nipate wazazi.

MamaWawili
Asante baba.

spika_mbili
Na klipu je? Mi potifolio yangu ni video, sekunde 40 za shoo na wimbo unasikika.

wakili_wa_mtaani
Video ni mlima mwingine ndugu yangu, tena mrefu. Picha ya mnato imemdaka msanii kanyamaza. Video imebeba wimbo, kuna aliyetunga, na imebeba uimbaji wake wa jukwaani ambao ndo ile hakishiriki kwenye jina la sheria, mwigizaji au mwimbaji ana haki ya kuruhusu au kukataa onyesho lake kurekodiwa. Kama alikuwa anaimbia juu ya CD hapo na mwenye rekodi anaingia. Ruhusa ya kupiga picha haikupi hiyo. Watu wengi wanakata sauti wanaweka mdundo walionunua, na bado ningemuuliza msanii. Fungua uzi wako hilo, hapa tutamchosha mwenzetu na masaa yake.

spika_mbili
Dah nilijua nitapata jibu la mstari mmoja.

fundi_steji_Arusha
Ongezeni na droni. Vijana mnarusha tu juu ya uwanja kama kunguru, kibali ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, siku ikidondokea kichwani mwa mtu hakuna atakayeuliza habari ya potifolio.

ChaliiWaLenzi
Mi droni sina, nina deni la lenzi. Wakuu yamebaki masaa manne. Nimemwandikia meneja hii, naombeni muipitie kabla sijatuma:

"Wewe meneja unanitisha kwa sababu gani wakati picha nimepiga mimi, kisheria hakimiliki ni yangu na COSOTA wanajua, ukitaka mahakamani twende."

mzee_wa_filamu36
Usitume hiyo.

dada_wa_Kijenge
Usitume kabisaaa. Alafu COSOTA wanajua nini wewe hata hujasajili.

wakili_wa_mtaani
Ukishakosea kidogo na una haki kubwa, kiri kile kidogo mapema ili kikubwa kibaki kimesimama. Na msanii huyu utakutana naye tena, mji wenyewe huu. Andika hivi, badilisha utakavyo:

"Habari kaka, heshima kwako. Nimepokea ujumbe wako. Nilipiga picha za shoo ya tarehe fulani kwa makubaliano na promota, ambaye aliniruhusu kwa maandishi nitumie picha kujitangaza, naambatanisha. Kulikuwa na posti moja niliyoweka ofa ya biashara yangu juu ya picha ya msanii, hiyo nimeiondoa na naomba radhi, haikupaswa kuwa hivyo. Picha nyingine zimewekwa kama maonyesho ya kazi yangu, zimetaja jina la msanii na tukio, haziuzwi na hazitangazi bidhaa yoyote. Kama kuna picha mahususi ambayo msanii hajaipenda niambie ipi, tutaongea vizuri. Asante."

Hujamwachia hakimiliki, hujakubali milioni 5, na hujamtukana mtu. Meseji ya meneja sio hukumu, masaa 24 ni ya kwake. Ila wakija na barua ya wakili yenye muhuri usiijibu wewe, tafuta mtu ofisini akuone ana kwa ana, mi hapa ni maneno ya barazani tu.

Kitu cha mwisho kabla sijaenda kulala. Kila shoo, kabla hujafunga lenzi, tuma meseji ya mistari miwili kwa promota, na kama namba ya meneja unayo na yeye pia: "Nathibitisha nitapiga picha tarehe fulani kwa malipo fulani. Hakimiliki inabaki kwangu, nyie mtazitumia kutangaza shoo, na mimi nitazionyesha kwenye potifolio yangu ya mtandaoni na ya karatasi. Kama kuna lisilofaa niambieni kabla." Subiri ajibu sawa. Asipojibu mpigie, akikubali mtumie tena kwa maandishi mlichoongea.

mpenda_kona
Hiyo naikopi naweka kwenye noti za simu.

MangiWaSoweto
Wakili unakaa wapi nikuletee mkungu wa ndizi. Za kula sio za kuuza.

ChaliiWaLenzi
Nimetuma kama ilivyo, nimebadilisha "kaka" nimeweka "mkuu". Nitaleta mrejesho.

ChaliiWaLenzi (siku ya pili)
Mrejesho wakuu. Meneja kapiga simu saa nne asubuhi, mi nikajua ndo milioni 5. Mtu mpole kabisa! Kasema zile 12 zilizobaki ziendelee kukaa, nitoe moja tu, ile msanii anakunywa maji, shingo imetoka vibaya, nikatoa. Kumbe fundi_steji alikuwa sahihi kabisa.

Alafu sasa kageuza. Kasema ile ya maiki juu na mataa ya blu wanaitaka kwenye bango la ziara yao, nimtumie kubwa bila logo yangu, "na wewe utapata jina".

mzee_wa_filamu36
Jina halinunui lenzi. Mtajie bei.

dada_wa_Kijenge
Yani juzi ilikuwa sura ya msanii leo ni "utapata jina" 😂 Mwambie bango ni biashara kama kipaimara.

wakili_wa_mtaani
Andika matumizi gani, miji ipi, mpaka lini, na jina lako liandikwe pembeni. Usimuuzie hakimiliki, mkodishie matumizi. Na usitume faili kubwa kabla hela haijaingia.

ChaliiWaLenzi
Nimemwandikia laki nane, mabango ya ziara hii tu, miezi sita, jina langu liwepo. Mkono ulikuwa unatetemeka naandika nane. Tiki zimegeuka blu saa saba na dakika kumi, mpaka saa hizi jioni kimya.

KitiChaMbele
Avumilie tu. Ila mkuu uzi umefika huku chini na picha bado sijaona hata moja.

ChaliiWaLenzi
Promota akimalizia ile laki na nusu naileta.

KitiChaMbele
Basi sitaiona.